Saa Moja Haiuzwi Mara Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wa pwani, maneno haya nayaandika nikiwa mbali nanyi, katika mji wa Busisi, ufuo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, ambako riziki ilinileta na ambako Mwenyezi Mungu amenijaalia nyumba na watoto. Suala nitakalo kulinena ni hili: mke akaaye nyumbani, akafanya humo humo kazi ya ujira, naye ana watoto wa kulea, saa zake ni mali ya nani? Ni za tajiri aliyezinunua, ama ni za watoto, ama ni za mume, ama ni zake mwenyewe? Wengi wetu hudhani jawabu lake ni jepesi, wakasema: maadamu yumo nyumbani, basi yupo kwa wote. Nami nalikuwa miongoni mwa wasemao hivyo, mpaka siku nalipojiona nafsi yangu kuwa ni mdhalimu.

Kwanza na tuifahamu kazi yenyewe, kwani wanavyuoni wametufunza kwamba hapana hukumu pasipo ufahamu. Siku hizi mfanyabiashara wa London au wa New York humwajiri mtu asiyepata kumwona kwa macho, amsomee barua zake, awajibu wateja wake, amwekee miadi, amwandikie hesabu, amtafutie tikiti za safari. Kazi hii ni ukarani. Tofauti yake na ukarani tuujuao ni kwamba karani huyu hakai katika ofisi ya tajiri wake. Hukaa kwake, na kilicho baina yao ni kompyuta na intaneti. Waya zipitazo chini ya bahari, ziletazo mawasiliano haya, zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukayachukua mpaka mikoa ya bara. Ndiyo maana mwanamke wa Busisi aliyesoma akajua hesabu na Kiingereza aweza leo kuwa karani wa mtu wa Uingereza bila ya kuvuka kizingiti cha mlango wake.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Kofia tuzivaazo, za Unguja na za Lamu, ngapi kati yake zilishonwa na wanawake vyumbani mwao, mguu mmoja ukisukuma kitanda cha mtoto? Mikeka ya ukili ilisukwa wapi? Na mama zetu waliokaa ndani, wakapika maandazi na vitumbua, wakawapa watoto chano wakauze mitaani, je, hawakuwa wafanyabiashara? Bali juu ya hao wote yuko Mama wa Waumini, Bi Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, aliyekuwa tajiri wa Makka, akituma bidhaa zake Sham kwa mikono ya mawakala, na Mtume wetu mwenyewe kabla ya kupewa utume alikuwa mmoja wao. Basi mwanamke kubaki kwake na kazi yake ikasafiri ni jambo la zamani. Jipya ni kwamba zamani kofia ilingoja. Mtoto akilia, sindano iliwekwa chini, na kofia haikumlalamikia mtu. Ama tajiri wa London hangoji. Ameinunua saa, naye aitaka.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Mimi nalikuwa na mgahawa mdogo kando ya barabara iendayo kwenye kivuko. Wasafiri wa Geita na Sengerema walipotaka kuvuka kwenda Mwanza, au kurudi, walingoja zamu hapo, pengine saa nzima, pengine zaidi, na mwenye kungoja hunywa chai na kula. Mwezi wa Juni 2025 likafunguliwa daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kutoka Kigongo mpaka hapa kwetu. Leo gari hupita juu ya maji kwa dakika chache, wala halisimami. Daraja hili ni neema, wala simlaumu mtu: mgonjwa aliyekuwa akingojea kivuko usiku sasa huwahi hospitali ya Mwanza. Walakini neema ya wengi ilikuwa mtihani kwetu sisi tuliokuwa tukila katika kungoja kwa watu. Mgahawa wangu ukapungua, kisha nikaufunga.

Mke wangu alikuwa amekwisha anza ukarani huo wa mbali, kwa tajiri mmoja wa Uingereza, naye akiutia ujira wake katika mahitaji yake na ya jamaa zake. Mgahawa ulipofungwa, ujira ule ndio uliotulisha. Nami, niwaambie kweli, nalikuwa nikishinda barazani bila ya kazi, nikipokea wageni, nikiagiza kahawa. Alasiri moja alikuwa akimalizia hesabu ambazo tajiri alizitaka kabla ya saa kumi na mbili. Mtoto wetu mdogo, wa mwaka mmoja, akalia. Nalikuwa karibu naye kuliko mamaye, hatua kumi hazifiki, nikaita kwa sauti: Mama, mtoto analia! Akaondoka kwenye kazi yake, akambembeleza, akarudi. Nikamwita tena kwa ajili ya kahawa ya wageni. Akaja, akarudi. Hesabu zikaenda na makosa. Tajiri akamrudishia kwa maneno makali, akamkata ujira wa siku ile. Usiku ule alikaa mpaka saa nane akizisahihisha, na alfajiri alipokwisha sali akainjika chai yangu.

Nikamwambia: Kazi yako hii yakutesa. Akaniambia kwa upole: Bwana wangu, lau ningalikuwa nakwenda ofisini Sengerema kila siku, mtoto akilia ungalimwita nani?

Ndugu zangu, sikuwa na jawabu, wala sikulipata mpaka nalipoyapima mambo haya kwa mizani ya sheria yetu. Na haya ndiyo niliyoyaona.

Jambo la kwanza ni haki ya tajiri. Wanavyuoni wetu wa fiqhi wamewagawa waajiriwa namna mbili. Wa kwanza ni aliyeuza wakati wake: saa zile zi katika milki ya aliyemwajiri, isipokuwa wakati wa kusali swala za faradhi, ambao umetolewa katika muda wa ajira. Wa pili ni aliyeuza kazi yake, kama fundi wa nguo: huyu hudaiwa nguo, hadaiwi saa. Mke wangu alikuwa wa namna ya kwanza. Basi kila nalipomwita katika saa zile, nalikuwa nikichukua kitu kilichokwisha uzwa, na fedha yake naliila. Sote twaijua Sura ya Mutaffifiin, na onyo lake kwa wapunjao vipimo, ambao wakipokea hutaka pishi kamili na wakitoa hupunguza. Mimi nalidhani sura ile ni ya wauza nafaka sokoni. Kumbe mtu aweza kupunja akiwa juu ya kiti cha baraza yake, akautaka ujira wa mkewe mzima, na saa zilizozaa ujira ule akazikatakata.

Na mwanamke naye ana sehemu yake katika onyo hili. Akimwandikia tajiri saa sita, na katika hizo saa mbili alikuwa akiwaogesha watoto, basi hizo mbili si halali yake, ijapokuwa tajiri yuko mbali hamwoni. Kadhalika barua na hesabu za watu alizokabidhiwa ni amana, na serikali nayo imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Haifai mgeni wa mume kupita nyuma ya kompyuta akasoma, wala mtoto kuichezea.

Jambo la pili ni haki ya mtoto. Hapa huenda mtu akasema: ikiwa saa ni ya tajiri, basi mtoto na alie. La, hasha. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuihurumia taabu ya mamaye. Tazameni, ndugu zangu. Ikiwa swala, iliyo nguzo ya dini, hufupishwa kwa kilio cha mtoto, hesabu za tajiri ni nini hata zisifupishwe? Lakini tazameni tena: swala ilifupishwa, haikuvunjwa. Haki mbili zilikutana, na kila moja ikapewa chake. Na aliyeifupisha ni imamu, aliyekuwa na uwezo wa kumpunguzia mama yule taabu yake. Hakumwacha mama peke yake baina ya swala na mtoto. Katika nyumba, mwenye uwezo huo ni nani ila baba?

Sheria ya nchi yetu nayo imelijua jambo hili kwa kiasi chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa aliyezaa likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, kisha akirudi kazini hupewa muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kumnyonyesha mtoto. Lakini karani wa mbali, mara nyingi, huhesabiwa kuwa ni mtu ajifanyiaye kazi mwenyewe, na tajiri wake yuko katika nchi nyingine. Siku zile 84 hapewi, na saa zile mbili hapewi. Basi nani atampa? Asipompa mumewe, hapana ampaye.

Jambo la tatu ni haki ya mali. Qurani, katika Sura ya Nisaa, aya ya 32, imethibitisha kwamba chumo la mwanamke ni lake kama chumo la mwanamume lilivyo lake. Na nafaka ya mke na watoto ni juu ya mume, hata mke akiwa tajiri kumshinda. Haya sote twayasoma, lakini mke anapochumia ndani ya nyumba macho yetu huingia kiza. Twaona kwamba fedha iliyopatikana chini ya dari letu ni yetu. Bibi Zainab, mke wa Abdallah bin Masud, alikuwa na mali na mumewe alikuwa fakiri. Alipouliza kama yafaa kumpa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume alimjulisha kwamba atapata ujira mara mbili: ujira wa kuunga jamaa na ujira wa sadaka. Neno hili la sadaka lifikirini vizuri. Lau mali ile ingalikuwa haki ya mume, isingaliitwa sadaka. Basi mimi niliyelishwa na mke wangu tangu mgahawa kufungwa nalikuwa nikila sadaka yake, na huku namwagiza kahawa kama mtu adaiye deni. Mwenye kula sadaka, adabu yake ni shukrani.

Atasema msemaji: Maneno yote haya ya nini? Mwanamke na aache kazi, akae na watoto wake, mambo yatulie. Nasema: mume mwenye nafaka mkononi aweza kulinena neno hilo na mkewe kwa mashauri, nao wakakubaliana, na kheri ikawa ndani yake. Lakini mume aliyekwisha kuula ujira, akalipa kwa ujira huo ada za shule na kodi ya nyumba, kisha akamlaumu mke kwa saa zilizouzaa, huyo ataka embe na huku amlaani mwenye kupanda mwembe.

Atasema mwingine: Kupika, kufua na kubeba watoto ni kazi za wanawake, mume akizifanya atachekwa. Nasema: sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imam Shafii. Imam Nawawi, aliye katika vigogo vya madhehebu yetu, alipoisherehesha hadithi ya Bibi Asmaa binti Abu Bakr, aliyekuwa akikanda unga na kumlisha farasi wa mumewe na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka shambani, alieleza kwamba kazi hizo ni wema na hisani ya mwanamke, wala si wajibu uliomlazimu. Wako wanavyuoni wa madhehebu mengine walionena vingine, nasi twawaheshimu. Lakini hata kwa kauli yao, hapana aliyesema kwamba mume akifanya ameharibikiwa. Bibi Aisha aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kusali. Mwenye kucheka na amcheke huyo kwanza, kama athubutu.

Basi tulifanya nini? Nitawaeleza kwa ufupi, si kwa kujisifu, kwani mwenye kurudisha alichokiiba hasifiwi kwa ukarimu.

Tuliketi tukashauriana. Qurani imetaja katika Sura ya Baqara, aya ya 233, kwamba hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kwataka ridhaa na mashauri ya baba na mama wote wawili. Ikiwa ziwa lina shura, saa za kutwa zitakosaje? Mke wangu akamwandikia tajiri wake kwa uwazi kwamba ana mtoto mchanga, akaomba kazi za hesabu alipwe kwa kazi iliyokamilika, na saa chache tu za kujibu wateja ndizo alipwe kwa saa. Tajiri akakubali. Hivyo sehemu kubwa ya kazi yake ikatoka katika namna ya kwanza ya ajira ikaingia katika namna ya pili, na mtoto akilia wakati huo hapana aliyedhulumiwa.

Kisha tukaweka mipaka ya saa zilizobaki. London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi yao, na saa mbili wakati wa joto lao. Saa tatu yao ya asubuhi wakati wa baridi ni saa sita yetu ya mchana. Basi tangu saa sita mpaka alasiri watoto ni wangu: chakula chao, kuoga kwao, kilio chao. Naliujua wakati huo kama nijuavyo wakati wa swala. Asubuhi hushughulika na kibanda kidogo cha vifaa vya uvuvi nilichokifungua baada ya mgahawa. Chumba cha kazi kina pazia. Pazia likishushwa, mke wangu hayupo nyumbani, hata akiwa hatua kumi nami. Mwanzo lilikuwa jambo zito kwangu. Mtoto alinililia mikononi akimtaka mamaye, na wapita njia walinitazama. Baadaye alinizoea. Sasa akianguka huja kwangu, na jambo hilo, wallahi, singeliuza kwa mgahawa mia.

Na ililetwa kazi ya New York, yenye ujira mkubwa kuliko ule wa London. Wakati wa baridi yao, saa za ofisi zao ni tangu saa kumi na moja yetu ya jioni mpaka saa saba ya usiku. Huo ndio wakati watoto warudipo kutoka chuoni, na magharibi, na chakula, na masomo, na kulala. Nilitaka kusema neno, nikanyamaza, kwani fedha ile ilikuwa yake kuikataa, haikuwa yangu kuikatalia. Nikamwambia tu kwamba akiipokea, nitasimama mahali pake jioni. Akafikiri siku tatu, akaiacha. Akasema: Mchana wanacho chako, jioni nataka wawe na changu.

Ndugu zangu, hili ndilo nililolipata katika jambo hili. Mtu kuwepo si dalili ya kuwa na nafasi. Saa ya mwanamke ikiuzwa kwa tajiri imeuzwa, na ikiwa ya mtoto ni ya mtoto, na ikiwa yake ya kupumzika ni yake. Haiuzwi mara mbili, wala haichukuliwi bure mara ya tatu na mume aliyeketi. Mkiona kwamba nyumba yahitaji saa zaidi ya zile alizo nazo mke, zitafuteni mahali zilipo. Mara nyingi ziko barazani, zimekunja miguu.

Nami namaliza kwa kuwakumbusha jambo mlijualo. Imepokewa kwamba Mtume wetu alisali hali amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Ilikuwa ni swala, na watu walikuwa wakimtazama, na mtoto hakumwondolea heshima yake wala hakumvunjia ibada yake. Kila nimbebapo mwanangu mchana, na pazia limeshushwa, na mtu akapita akacheka, hulikumbuka hilo, nikambeba vizuri zaidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watoao kila mwenye haki haki yake, na azibariki nyumba zetu na wazao wetu. Amin.

Wassalaam.